Usiku Mmoja Ndani ya Liemba

Swali lenyewe ni dogo, lakini limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Mtu mwenye kitanda chake nchi kavu, chenye godoro na chandarua, ana faida gani ya kwenda kulipa fedha ili alale juu ya maji? Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kulijibu swali hili kwa biashara. Huko Kashmir, katika ziwa la Dal, kuna nyumba za mbao zinazoelea ambamo wageni hupanga usiku mmoja au wiki nzima, na desturi hiyo ilishamiri tangu enzi za Waingereza waliotawala India. Kusini mwa nchi hiyo hiyo, katika jimbo la Kerala, yapo majahazi yaitwayo kettuvallam, ambayo zamani kazi yake ilikuwa kubeba mpunga. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, sawasawa na mitepe ya Lamu waliyoijua mababu wa pwani yetu. Barabara na malori yalipoyanyang'anya majahazi hayo kazi yake, wenyewe waliyaezeka paa la mianzi, wakatia vitanda na vyoo, wakaanza kuuza usiku badala ya kubeba mpunga.

Nimeyataja mapema majahazi ya Kerala kwa sababu nitayarejea.

Sisi wa Kigoma hatuna nyumba za majini za namna hiyo. Mtaani kwetu Katubuka nyumba zimewahi kukutwa na maji, bwawa letu lilipofurika na kuwahamisha watu, lakini hakuna mgeni aliyelipa nauli kuja kulala humo. Kitu cha jadi kinachokaribia jambo hili katika ziwa letu ni meli moja tu, na kila mkazi wa mwambao kuanzia Kagunga hadi Kasanga anaijua: Liemba. Basi swali langu nitalielekeza kwake. Je, usiku mmoja ndani ya Liemba una thamani?

Kwanza ifahamike kwamba kulala juu ya Ziwa Tanganyika ni jambo changa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, na wazee wetu hawakulichezea. Upepo wa kusini ukivuma wakati wa kiangazi, mawimbi yake humtapisha hata mtu aliyezoea bahari. Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, na baadaye Livingstone na Stanley, waliopiga makasia kwenda kaskazini mnamo Novemba 1871 wakaona kwa macho yao kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, wote walisafiri kwa desturi waliyoikuta hapa. Mchana mtumbwi ulikwenda kandokando ya ufuko, na jioni watu walitafuta mchanga, wakapiga kambi, wakawasha moto. Ziwa lilikuwa la kupitia. Usiku ulikuwa wa nchi kavu.

Waliobaki majini usiku walikuwa wavuvi wa dagaa, na hao hawakwenda kulala. Kabla ya karabai walitumia mienge. Zikaja karabai, na siku hizi zimekuja taa za betri. Anayetazama kutoka mlimani usiku usio na mwezi huona taa nyingi zimetandazwa ziwani, na mgeni hudhani ng'ambo kuna mji mkubwa ulioanza kusogea. Chini ya kila taa kuna watu waliokesha.

Meli ya kwanza ya mvuke katika ziwa hili ilikuwa ya wamisionari wa London, iliyoitwa Good News, mwaka 1885. Ilikuwa ndogo. Iliyobadili mambo ni ile ya Wajerumani, na hapo sina budi kukaa kidogo, kwa maana anayelala ndani ya chombo bila kujua kilikotoka amelala tu.

Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, iliundwa meli ya mita 71 hivi. Ilipokwisha kuundwa ikafunguliwa yote, kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilifika Kigoma mapema mwaka 1914, baada ya kupasua kilomita 1,250 na ushei za nchi hii. Makasha yakaletwa. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa karakana, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yamehifadhiwa vizuri, na wamestahili. Waliobeba vyuma, waliopiga misumari ya moto ubavuni mwa meli, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, hao majina yao hayatajwi. Nilipokuwa nikifundisha walimu wanafunzi historia niliwaambia mara nyingi: mkisoma orodha ya watu watatu waliojenga meli ya mita 71, ulizeni nani alishika upande wa pili wa chuma.

Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, na safari yake ya kwanza ikawa Juni mwaka huo. Ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni hili tangu 1901 hadi 1906. Ni katika utawala wake Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, na watu wa kusini wakauawa kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala yao. Jina hilo lilikaa ubavuni mwa meli yetu. Napenda ijulikane hivyo, maana wapo wanaoisimulia Liemba kama hadithi tamu ya mafundi hodari na vita vya ajabu vya majini, wakaishia hapo.

Vita vyenyewe havikosi ajabu. Waingereza waliburuta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo, kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe, chini ya kamanda wao Spicer-Simson. Desemba 1915 wakaiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe hawakuigusa. Ilikuwa kubwa mno kwao, na juu yake ulikuwa umefungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg. Lakini reli ilipokaribia kukatwa na Wabelgiji wakawa wanakuja, Wajerumani hawakuwa na njia ila kuizamisha wenyewe. Tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, walishusha meli yao chini ya maji. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, ili ikae imetulia hadi siku watakaporudi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba ikiwa imefungwa bandarini. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa kwa mara nyingine, wakakuta kwamba grisi ile ilikuwa imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ndilo Livingstone alilolisikia mwaka 1867, alipofika upande wa kusini wa ziwa, watu wa huko wakilitaja ziwa lao. Kwa hiyo jina hili ni letu, ingawa waliolirudisha ni wageni.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Kwa miaka mingi ratiba ilikuwa moja: Liemba iliondoka Kigoma Jumatano saa kumi jioni, ikafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi, ikageuza siku hiyo hiyo na kurudi Kigoma Jumapili. Nasema ratiba, saa kumi ile ilikuwa na tabia ya kuwa saa mbili ya usiku. Mimi niliipanda kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwalimu mpya niliyepangiwa kazi kusini, na wakati huo ingali meli ya mvuke. Injini za dizeli ziliwekwa baadaye katika muongo huo huo. Nimeipanda mara nyingi tangu hapo, daraja la tatu nilipokuwa kijana, la pili nilipopata cheo, na mara mbili la kwanza, chuo kilipolipa.

Daraja la kwanza ni chumba kidogo chenye vitanda viwili na dirisha. Mtu hulala vizuri. Lakini nikiulizwa kama usiku ule ulikuwa na thamani nitajibu kwamba ulifanana na usiku wowote chumbani, isipokuwa mngurumo wa injini chini ya mgongo. Daraja la tatu ni chini, kwenye mabenchi, katikati ya magunia ya mahindi na matenga ya nanasi, joto likipanda kadiri watu wanavyozidi, na harufu ya dagaa wakavu ambayo huikumbuka nguo yako kwa wiki nzima. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuambia kwamba ni raha. Hata hivyo, ni huko chini, karibu na milango ya ubavuni, ndiko usiku wa Liemba ulikokuwa.

Katika vituo kumi na kitu vya safari ile, vingi havikuwa na gati. Meli ilifika mbele ya kijiji gizani, ikapiga honi, ikasimama kwenye maji yenye kina. Lagosa, ambako watu waendao Milima ya Mahale hushukia, ilifikiwa saa saba au nane za usiku. Kwa muda kidogo palikuwa kimya. Kisha kwa mbali ungeona kurunzi moja, halafu tatu, halafu ukasikia kelele, na mara boti na mitumbwi ikaizunguka meli, kila mwenye boti akitaka kuwa wa kwanza mlangoni. Taa za sitaha zikiwashwa uliona yote kama mchana: wanaoshuka wakirushwa ndani ya boti zinazopanda na kushuka na mawimbi, wanaopanda wakivutwa kwa mikono, magodoro, kuku, baiskeli, sufuria, mgonjwa amefungwa katika shuka, mwanafunzi na sanduku lake la bati. Winchi ya mbele ikishusha mizigo katika wavu. Hakuna aliyepanga foleni, na pamoja na hayo kila kitu kikamfikia mwenyewe.

Usiku mmoja nilisimama karibu mno na mlango huo. Mama mmoja aliyekuwa ashuke akageuka, akanitazama, akasema, "Baba, nishikie huyu," akanipa mtoto mchanga. Yeye akaruka ndani ya boti, akapokea magunia yake mawili, akayahesabu, akayapanga. Boti ikasogea mbali kama hatua nne, nami nikabaki na mtoto mikononi juu ya meli inayokaribia kuondoka. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alipomaliza mizigo akamwambia mwenye boti arudi, akainua mikono, nami nikamteremshia mwanawe. "Ahsante, baba. Safari njema." Hakuuliza jina langu wala mimi lake. Nilirudi kwenye benchi langu magoti yakitetemeka.

Jambo hilo halinunuliwi kwa tiketi ya usiku mmoja katika nyumba iliyofungwa kamba gatini. Lilitokea kwa sababu meli ilikuwa na kazi, na mama yule hakuwa na njia nyingine ya kufika kwao. Milima ya Mahale hufika mita 2,462 na huangukia karibu moja kwa moja ziwani. Kwa miongo mingi hapakuwa na barabara ya kuizunguka iliyostahili jina hilo. Meli ilikuwa ndiyo barabara.

Nisieleweke kwamba nasifia msongamano. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikiwa imesafiri usiku kucha kutoka Bukoba, na watu zaidi ya 800 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wamelala, kama nilivyokuwa nikilala mimi, wakiamini kwamba kukikucha watakuwa wamefika. Tangu siku ile sikuweza kushuka daraja la tatu bila kwanza kutazama maboya yako wapi na mlango uko upande gani. Anayemshauri mwenzake alale juu ya maji na asimwambie habari za Bukoba, hamtakii mema.

Tena kuna usiku ambao hakuna aliyeutafuta kwa ajili ya kutalii. Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi kuwarudisha kwao Wakongo waliokuwa wamekimbilia Kigoma wakati wa vita vilivyomwangusha Mobutu. Mei 2015 ikatumwa tena, safari hii kwenda Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa baina ya mlima na ziwa, mpakani na Burundi. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekusanyika hapo ufukoni, wakiwakimbia wauaji na hofu, na kipindupindu kikaingia kati yao. Hapakuwa na barabara. Liemba iliwachukua watu kama 600 kwa safari, ikawaleta Kigoma, wakalazwa kwanza katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilikwenda gatini siku moja kutazama. Walioshuka hawakutazama nyuma kuiona meli. Walitazama chini, wasije wakakanyaga watoto. Nyumba ya majini, kama tunataka kuliweka neno hilo mahali pake, siku zile ndiyo ilikuwa hii.

Mwaka 2018 Liemba ilisimama safari zake kwa ajili ya matengenezo, na katika miaka iliyofuata Serikali ikapanga ukarabati mkubwa. Ni hapo mjadala ulipofufuka kila penye baraza na kahawa. Kuna wasemao kwamba meli iliyozaliwa 1913 imechoka, ifungwe gatini, ipakwe rangi, vitiwe vitanda vizuri, na watalii walipe kwa usiku. Hata huko Ujerumani wamewahi kuwapo watu waliotamani irudishwe Papenburg, iwekwe kama kumbukumbu. Sipuuzi hoja hizo. Mji wetu unahitaji fedha za wageni, na chombo kikongwe kikifanyishwa kazi bila matunzo huua.

Ila narudi Kerala. Majahazi yale yalikoma kubeba mpunga kwa sababu mpunga ulikuwa umepata njia nyingine. Hayakuwaacha wakulima ufukoni. Kwetu, kabla ya kuuza usiku, tuulize kwanza kama mama wa Lagosa, na mwenye dagaa wa Karema, na mwanafunzi wa Kipili, wamepata njia yao. Barabara zinasonga mbele mwaka hadi mwaka, na zikishafika kila kijiji, na meli nyingine mpya na salama zikiwapo, basi Liemba istarehe. Mimi mwenyewe nitalipa usiku mmoja, nitalala daraja la kwanza, na asubuhi nitakunywa chai yangu gatini bila kinyongo. Kabla ya hapo, kuifanya nyumba ya kulala wageni ni kuwauzia wageni kitanda cha mtu ambaye bado anakihitaji.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza ni ndiyo, usiku mmoja una thamani, mradi meli iwe inakwenda mahali na wewe uwe abiria kama abiria wengine. Atakayeisafiria ikiwa na injini zinazofanya kazi achague siku zisizo na mwezi, ili aone taa za wavuvi. Asisafiri katika miezi ya upepo wa kusini kama tumbo lake ni dhaifu. Achukue blanketi, kwa maana baada ya saa sita sitaha huwa baridi kuliko mgeni anavyodhani, na kurunzi, na shilingi ndogo ndogo za kununulia mgebuka wa kukaanga kutoka kwenye boti. Tiketi ya chumba aikate akipenda, lakini honi ya Lagosa ikilia atoke, ashuke chini hadi karibu na mlango wa ubavuni. Kwenda kusini, mlango unaohusika ni wa kushoto, upande wa nchi. Asimame nyuma kidogo ya kamba, mikono yake iwe mitupu.